Mti Usioliwa na Kona Moja ya Uwanja Wako

Hotuba kwa familia zinazozungumza Kiswahili, Greensboro, North Carolina, mwanzo wa msimu wa kupanda miti

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kina baba, vijana, hamjambo. Nashukuru kwa kupewa nafasi hii, na sitaimaliza kwa salamu.

Nimeombwa nizungumzie upandaji wa mti wa maua kwenye uwanja mdogo wa nyuma ya nyumba. Mti niliouchagua ni dogwudi, ule unaojaa maua meupe mwezi wa Aprili kwenye mitaa yetu yote. Kila ninapoutaja mbele ya watu wetu, swali la kwanza huwa lile lile: unaliwa? Jibu ni hapana. Tunda lake si la binadamu, jani lake halipikwi, na hata ukiutunza miaka 20 hautakupa hata kibaba cha kupeleka jikoni.

Naelewa swali hilo linatoka wapi. Hapa kuna watu waliolima Fizi na Uvira, kuna waliolima vipande vidogo vya ardhi kambini Nyarugusu, kuna waliotoka Kigoma, Mombasa na Bujumbura. Kwa mtu wa namna hiyo uwanja wenye hatua chache tu ni shamba. Ni mahali pa lengalenga, matembele, sombe na maharage, na ukimwambia aondoe tuta moja apande mti wa kutazamwa atakuona una mzaha. Mimi sitaki muondoe tuta hata moja. Nataka kuwashawishi kwamba ile kona ambayo mboga zenu hazipendi, ile inayopata jua asubuhi na kuingia kivulini mchana, ndiyo kona ambayo mti huu unaitaka.

Tuutazame mti wenyewe kwanza. Wataalamu wanauita Cornus florida. Kwao ni hapa, mashariki ya Marekani, kuanzia kusini mwa Maine hadi kaskazini mwa Florida, na kuelekea magharibi mpaka mashariki mwa Texas. Upo pia kusini mwa Ontario, Kanada, na kuna jamii yake nyingine milimani mashariki mwa Meksiko. Ukiingia kwenye misitu mingi ya North Carolina iliyobaki na hali yake utaukuta umesimama chini ya mialoni na misonobari. Hapo ndipo mahali pake tangu zamani: chini ya miti mikubwa, pembezoni mwa msitu, mahali jua linapoingia kwa vipande. Kwa kawaida hufika mita 5 hadi 10 na haupandi zaidi ya hapo. Matawi yake yanatanda kwa ulalo, na mara nyingi upana wa mti unalingana na kimo chake au hata kukizidi. Kwa hiyo mtu mwenye uwanja mdogo asidhani anaulazimisha mti huu kukaa pasipoutosha. Mwaloni ukiupanda uani utainua saruji na kufunika paa. Dogwudi utabaki kwenye kona yake.

Aprili, kabla majani hayajafunguka sawasawa, matawi yote yanafunikwa na kile ambacho kila mtu anakiita maua meupe. Mwaka huu chukueni moja mlitazame kwa karibu. Zile petali nne nyeupe si petali. Ni majani yaliyobadilika umbo na rangi, na kila moja lina kibonyeo mwishoni chenye doa la kahawia, kama mahali palipobanwa kwa kucha. Kibonyeo hicho kina sababu yake. Majani hayo manne ndiyo yaliyolifunika chipukizi la ua majira yote ya baridi, na ncha zake zilikaa nje zikipigwa na baridi na upepo. Joto linaporudi jani linakua, lakini ile ncha iliyokauka haikui pamoja nalo, basi pale pembeni panabaki na alama. Maua yenyewe ni vile vidude vya kijani na manjano vilivyojazana katikati, 20 hivi kwa wastani, kila kimoja na petali zake nne ndogo ambazo utaziona ukiinama vizuri. Nyuki wadogo wa mwituni wanazijua sana.

Ua hilo ndilo ua rasmi la jimbo letu tangu mwaka 1941. Jirani zetu wa Virginia wameufanya mti rasmi na ua rasmi kwa pamoja, na Missouri ni mti wao rasmi tangu 1955. Majirani wa kanisani watawasimulia, hasa Pasaka inapokaribia, kwamba msalaba wa Bwana Yesu ulichongwa kwa mti huu, kwamba yale majani manne ni msalaba na madoa ya kahawia ni alama za misumari. Ni hekaya ya huku Kusini na watu wanaipenda kwa dhati. Wasikilizeni kwa heshima, ila mjue kwamba mti huu ni wa Amerika na haukuwahi kuota Yerusalemu.

Lakini Afrika unaye ndugu. Anaitwa Cornus volkensii, na anaota kwenye misitu ya milima yetu mirefu: Kilimanjaro, Mlima Kenya, na milima ya mashariki ya Kongo. Amepewa jina la Georg Volkens, Mjerumani aliyekusanya mimea Kilimanjaro miaka ya 1890. Maua yake hayana madoido kama ya huyu wa hapa, na wengi wenu mmepita chini yake bila kumtambua. Udugu unaonekana kwenye jani. Mishipa haiendi moja kwa moja hadi pembeni. Inapinda ikifuata ukingo wa jani mpaka karibu na ncha. Na kuna jaribio ambalo watoto wanalipenda kuliko mengine yote. Chukua jani la dogwudi, lishike kwa mikono miwili, livute taratibu sana mpaka lipasuke katikati. Vipande viwili havitengani. Cha chini kinabaki kikining'inia kwa nyuzi nyeupe, nyembamba mno, zinazochomoza kwenye mishipa iliyokatika. Ndivyo mtakavyoutambua mti huu mwezi wa Julai, wakati maua yamekwisha zamani na mitaani hakuna anayeukumbuka.

Sasa nirudi kwenye swali la kuliwa, maana nimesema tunda si la binadamu, sijasema haliliwi. Mwezi wa Septemba na Oktoba vishada vya matunda mekundu yanayong'aa vinaiva mtini. Ukionja ni machungu, na watoto wafundishwe mapema kwamba hayo si ya kula. Ndege wanayamaliza. Matunda haya yana mafuta mengi kuliko matunda mengi ya msituni, na yanaiva wakati ule ule ambao ndege wanaohama wanapita hapa kuelekea kusini wakihitaji mafuta ya safari. Kadinali, yule mwekundu ambaye ni ndege rasmi wa jimbo hili, anabaki hapa majira ya baridi, naye anakula. Kunguru hata hawana nafasi kubwa, wadogo wanawatangulia. Mimi nimefanya kazi za bustani miaka mingi mjini hapa, na naamini kwa moyo wote kwamba uwanja unaolisha familia na ndege ni uwanja bora kuliko ule unaolisha familia peke yake. Viwavi wa vipepeo nao wanakula majani na maua yake, na hao ndio chakula cha makinda ya ndege. Majani yakipukutika yanaoza upesi, na yana kalisi nyingi, kwa hiyo udongo wa chini ya dogwudi unazidi kuwa mzuri mwaka hadi mwaka. Ukitaka kuchota majani hayo ukayaweka kwenye mboji ya mboga zako, nani atakukataza?

Mbao zake nazo zina historia inayotuhusu sisi wa Greensboro. Mji huu ulijengwa na viwanda vya nguo. White Oak, kiwanda cha kitambaa cha jinzi, kilifungwa mwisho wa mwaka 2017. Enzi za vitanda vya kufumia vya zamani, kile kipande kinachokimbiza uzi wa mshindio huku na huku kati ya nyuzi za mtande kilihitaji mti mgumu sana, usiopasuka, na ambao unazidi kuwa laini kadiri unavyosuguliwa. Dogwudi ndio uliokuwa na sifa hizo zote. Miti mingi mno iliangushwa kwa kazi hiyo, mpaka sehemu kubwa ya mbao zake ikawa inaenda viwandani. Kuna na habari ya gome. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, bandari za Kusini zilizingirwa na kwinini haikuingia, basi watu walichemsha gome la dogwudi kutibu homa ya malaria. Waliotoka Bukavu wanayajua mashamba ya kwinini na wanajua dawa halisi ni ipi. Gome hili halikufikia kiwango hicho, na sipendekezi mtu achemshe chochote. Nataka tu mjue watu wa hapa wametegemea mti huu kwa mambo mazito.

Sasa kazi. Hapa naomba wenye daftari watoe daftari.

Jambo kubwa kuliko mengine yote ni mahali. Dogwudi iliyopandwa pazuri inajitunza nusu ya kazi, na iliyopandwa pabaya hakuna dawa itakayoiokoa. Tafuta upande wa mashariki wa nyumba, au mahali ambapo mti wa jirani unatoa kivuli baada ya saa saba mchana. Jua la asubuhi unalihitaji, kwa sababu bila jua maua yanakuwa machache na umande unakaa muda mrefu kwenye majani, na umande ndio unaoleta magonjwa. Jua la alasiri ya Agosti, lile linalopiga ukuta wa magharibi na kurudi, linaunguza ukingo wa majani mpaka yanakuwa ya kahawia. Acha angalau mita 4 kutoka ukutani, ili matawi yatande bila kusugua nyumba. Kama uwanja wako wote ni jua kali kutwa nzima, mti bado unaweza kuishi, lakini ujue utakuwa mtumwa wa mpira wa maji kila kiangazi.

Halafu maji. Udongo wetu wa hapa ni mwekundu, wa mfinyanzi, na wengi wenu mlipouona mara ya kwanza mlifurahi kwa kuwa unafanana na wa nyumbani. Rangi inafanana, lakini huu ukilowa unashikilia maji, na mizizi ya dogwudi haivumilii kukaa majini. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache. Kesho yake likiwa bado na maji, hapo si mahali pa mti huu. Sogea kwenye mwinuko. Uchachu wa udongo kwa bahati nzuri uko upande wetu, kwani dogwudi unapenda udongo wenye tindikali kidogo, pH ya 5.5 hadi 6.5, na udongo wa Piedmont, ukanda wetu huu wa katikati ya jimbo, kwa asili una tindikali. Waliokuwa wakimwaga chokaa kwenye matuta ya mboga wasiimwage kwenye kona hii. Ofisi ya ugani ya kaunti inatoa visanduku vya kupimia udongo, maabara ya Idara ya Kilimo ya jimbo inapima, na kwa sehemu kubwa ya mwaka haitozi chochote. Sijui nchi nyingi zinazomfanyia mkulima wa uani hisani ya namna hiyo. Itumieni.

Kabla ya kuchimba, piga simu 811. Ni bure. Watakuja siku chache baadaye wapige rangi juu ya nyasi kuonyesha nyaya za umeme, mabomba ya gesi na maji yanapopita. Uwanja mdogo ndio wenye hatari zaidi kwa sababu vitu vyote hivyo vimebanana. Na kwa waliopanga: ombeni ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Kuuweka mti huu kwenye chungu ukisubiri kununua nyumba si suluhisho la miaka mingi, mizizi yake inataka kutanda.

Kuhusu mche. Tafadhali msiende kung'oa msituni. Mizizi ya dogwudi wa mwituni imetawanyika mbali, ukichimba unaondoka na sehemu ndogo tu, na mti unakufa. Zaidi ya hapo, misitu imeshapoteza mingi, nitaeleza. Nunueni kitaluni. Miche mingi ya dogwudi inatoka jimbo jirani la Tennessee, karibu na McMinnville, mji ambao maisha yake ni vitalu. Chagueni mche mdogo, wa mita moja na nusu hivi, badala ya mkubwa wa bei kali. Mdogo unashika haraka. Na ulizieni jina la aina, msikubali kuambiwa tu "dogwudi nyeupe".

Kwa nini jina? Mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa mpya wa chule ulionekana kwenye miti hii, New York na Connecticut upande huu, na jimbo la Washington upande wa Pasifiki. Kuvu kinachouleta kilikuja kupewa jina mwaka 1991, Discula destructiva, na jina hilo halikutia chumvi. Kinaanza na madoa ya kahawia yenye ukingo wa zambarau kwenye majani ya chini, kinashuka kwenye vitawi, kinaingia shinani. Majani yaliyokufa yanang'ang'ania tawini majira yote ya baridi badala ya kudondoka, na hiyo ndiyo dalili mnayoweza kuiona mkiwa barabarani. Kwenye milima ya Appalachia, penye ubaridi, unyevu na kivuli kizito, misitu mizima ilibaki bila dogwudi. Catoctin Mountain Park kule Maryland ilipoteza sehemu kubwa ya miti yake. Lakini katikati ya mizoga hiyo watafiti waliona mti uliosimama mzima, wenye majani safi. Chuo Kikuu cha Tennessee kiliuzalisha, na leo tunaununua kwa jina la Appalachian Spring. Kila mche wa aina hiyo unatokana na mti ule mmoja. Mimi nikiushika kitaluni huwa nasimama kidogo.

Huku kwetu bondeni, penye joto na hewa inayopita, chule haina nguvu kama ya milimani. Kinachotusumbua zaidi ni ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaofanya majani yaonekane yamenyunyiziwa unga na kujikunja. Ulienea kwenye dogwudi miaka ya 1990. Kwa huo, Tennessee hao hao wametoa Appalachian Joy, Appalachian Mist, Appalachian Snow na Appalachian Blush. Mtu asiyezipata anaweza kuchukua Cherokee Princess, yenye maua makubwa meupe. Wapo pia wanaopendelea dogwudi ya Asia, Cornus kousa, inayotoka Japani, Korea na China. Inachanua baadaye, majani yakiwa yameshatoka, na inastahimili magonjwa vizuri. Sina neno baya juu yake. Japani yenyewe ilipoupa mji mkuu, Washington, ile miche ya micheri mwaka 1912, Marekani ilijibu mwaka 1915 kwa kupeleka dogwudi. Ila matunda ya kousa ni makubwa, na ndege wadogo wa hapa hawayawezi kama wanavyoyaweza ya mti wa kwao. Kwangu hilo linaamua.

Kupanda ni kuanzia sasa Novemba hadi Machi, mti ukiwa umelala. Fungua chombo, ulaze mche, usafishe udongo wa juu kwa vidole taratibu mpaka uone mahali shina linapopanuka na kuwa mizizi. Vitalu mara nyingi vimeufunika mpanuko huo kwa sentimita kadhaa za udongo, na usipoutafuta utapanda mti wako kwa kina kisichofaa bila kujua. Mizizi inayozunguka chombo ikate au inyooshe, la sivyo itaendelea kuzunguka mpaka ijinyonge yenyewe. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya mizizi, lakini kina kisizidi kimo cha mizizi. Kwenye mfinyanzi wetu uache mpanuko wa shina ukae juu ya usawa wa ardhi kidogo, sentimita 5 hivi. Rudishia udongo ule ule uliochimba. Najua mikono yenu inawasha kutia samadi shimoni, maana ndivyo tulivyofundishwa kupanda mgomba. Hapa msitie. Ukijaza shimo kitu kitamu, mizizi inakaa humo humo na maji yanatuama humo kama kwenye beseni. Mwagia maji hadi udongo utulie, basi.

Kisha matandazo: majani makavu, magome au vipande vya mbao, unene wa sentimita 5 hadi 8, duara la mita moja kuzunguka mti, na yasiguse shina kabisa. Matandazo yaliyorundikwa shinani kama kichuguu yanaozesha gome, na uozo huo mtauona kila mtaa wa mji huu. Duara hilo lina kazi mbili. Linaweka ubaridi kwenye mizizi, ambayo kwa dogwudi iko juu juu sana. Na linaiweka mbali mashine ya kukatia nyasi. Ndugu zangu, katika dogwudi zilizokufa uani ambazo nimeitwa kuzitazama, ile mashine ya uzi unaozunguka imeua nyingi kuliko ugonjwa wowote. Uzi unapiga gome changa, gome linapasuka, na nondo mmoja mdogo anayefanana na nyigu anakuja kutaga mayai kwenye kidonda. Funza wake anatoboa na kula chini ya gome mpaka anazunguka shina, na mti unakufa taratibu huku mwenyewe akitafuta dawa ya majani. Vijana mnaofanya kazi za kukata nyasi, na mko wengi humu, hili nalisema kwenu hasa. Mnapofika kwenye mti mdogo usio na duara la matandazo, shusheni mashine mng'oe nyasi kwa mkono. Na zile dawa za kuua magugu zinazochanganywa na mbolea ya nyasi zisitupwe karibu, dogwudi inadhurika nazo upesi.

Miaka miwili ya kwanza ndiyo ya kumwagilia: ndoo mbili za lita 20 kwa wiki mvua isiponyesha, zimwagwe polepole, na Julai na Agosti muongeze. Mti ukikunja majani kwa urefu, kama anayekinga uso, ni kiu. Kupogoa hakuhitajiki sana. Tawi lililokufa litoeni majira ya baridi, mengine yaacheni, hata yale ya chini, maana yanalikinga shina na jua. Msikate ncha za juu ili "kuupunguza". Machipukizi ya maua ya Aprili ijayo yameshaundwa kiangazi kilichopita, na Novemba kama sasa mnaweza kuyaona: ya ua ni ya duara, bapa kidogo, ya kijivu, yamesimama mwisho wa kitawi; ya jani ni membamba na yamelala. Kila ncha ya kijivu unayoikata ni ua umelikata.

Mboga zisilimwe chini yake, jembe litakata mizizi. Pandeni hapo azalea au feni za msituni, au acheni matandazo matupu. Kuhusu subira, mche wa kitaluni mara nyingi unachanua ndani ya miaka michache, wa mbegu unaweza kuchukua miaka 5 hadi 7. Katikati ya muda huo msiseme haukupi kitu. Oktoba majani yanageuka mekundu yaliyokolea, tangu mwaka wa kwanza. Gome likikomaa linapasuka vipande vidogo vya mraba, mtoto aliyewahi kuona picha ya mamba atawaambia linafanana na nini.

Mama mmoja ameniuliza kabla sijasimama: uwanja wangu una hatua kumi kwa nane, matuta manne ya mboga, kamba ya kuanikia nguo, na watoto wanacheza mpira, mti utaingia wapi? Mama, uingie pale nyuma ya kamba, upande wa jikoni kwako, mashariki. Nimepaona. Matuta yako yako magharibi, kivuli cha mti hakitayafikia wakati wa jua la kukuza. Kwa ajili ya watoto uuwekee uzio mwepesi wa waya miaka miwili, baada ya hapo utavumilia mpira.

Visanduku vya kupimia udongo viko kwenye meza ile ya mlangoni, kila nyumba ichukue kimoja. Chota udongo sehemu tano au sita za kona yako, kina cha sentimita 15 hivi, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, jaza kisanduku, andika jina na anwani kwa herufi kubwa. Asiyesoma Kiingereza tutajaza naye fomu hapa hapa. Kwa anayetaka mche, aandike jina lake na ukubwa wa uwanja wake kwenye karatasi ya pili, ili tuagize pamoja na tugawane gharama ya usafiri. Nitabaki hapa mpaka mtu wa mwisho amalize maswali yake.